Mkwe wa Musa na Watumishi wa Vyuo Vikuu

Wako watu wengi wanaodhani kwamba mtu akipata kazi katika Chuo Kikuu, taabu zake zimekwisha. Hashiki jembe, hapigwi na jua, hanyeshewi na mvua. Akaa kivulini pamoja na vitabu, na mwisho wa mwezi mshahara wafika. Mzazi akiulizwa kijijini habari za mwanawe aliye mhadhiri Dar es Salaam, au karani Dodoma, au mpishi wa chuo Mwanza, hujibu upesi, "Yule hana shida." Juma hili, ndugu wasomaji, twataka kuwaambieni kwamba neno hilo mara nyingi si kweli, na tena lina madhara, maana humfunga kinywa yule anayesemwa. Mtu akisha kuitwa asiye na shida, atamwambia nani kwamba hapati usingizi?

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Chuo chetu kikuu cha kwanza kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, katika jengo la TANU, mtaa uitwao leo Lumumba, na wanafunzi wake wa sheria hawakutimia hata 15. Mwalimu aliweza kumjua kila mmoja kwa jina, na kwa kijiji chake pia kama alitaka. Leo mambo ni mengine. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kilipangwa kiweze kupokea wanafunzi 40,000. Jambo hilo hatulilaumu hata kidogo. Kila kijana anayefunguliwa mlango wa elimu ni furaha kwa taifa. Lakini mahali pengi wanafunzi walipoongezeka, mikono ya kuwahudumia haikuongezeka kwa kipimo kile kile. Mhadhiri asimama mbele ya mamia ya vijana, na mtihani ukiisha, karatasi za mamia hao zamngoja mezani. Ana wanafunzi wa tasnifu wanaodai zisomwe kesho. Na usiku, watoto wakisha lala, yampasa kuandika makala zake mwenyewe, kwa sababu asiyeandika hapandi cheo. Akiwa ni mama wa nyumba, jiko na watoto vilikwisha kula saa zake za jioni kabla hajafungua kitabu.

Tena tusiwasahau wale wasiovaa joho siku ya mahafali. Chuo Kikuu si wahadhiri tu. Yuko karani wa masijala, yuko mkutubi, yuko fundi wa maabara, dereva, mpishi, mlinzi wa lango, mfagiaji wa mabweni. Siku fedha za mkopo zikichelewa, wanafunzi hawamwendei Waziri. Humwendea karani wa dirishani, na yeye ndiye apokeaye matusi kwa kosa asilolitenda. Na mwaka 2020 vyuo vyote vilipofungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya tauni ya korona, kisha vikafunguliwa tarehe 1 Juni, wakubwa kwa wadogo iliwapasa kuyabana masomo ili ratiba iliyovunjika iungwe tena.

Uchovu huu wenye elimu wameuchungua kwa muda mrefu. Mwaka 1936 daktari mmoja wa Montreal, Hans Selye, mzaliwa wa Vienna, alionyesha kwamba mwili ukisongwa na taabu za namna yoyote hujibu kwa namna moja, na taabu ikidumu mno mwili wenyewe huharibika. Hayo ndiyo yaitwayo kwetu leo msongo. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, aliyefanya kazi New York, aliandika juu ya watumishi wenye bidii na huruma ambao mwishowe huungua kama mshumaa na kubaki utambi mtupu. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitaja dalili zake tatu: nguvu kuisha kabisa, moyo kujitenga na kazi hata mtu kuidharau na kuwadharau anaowatumikia, na kuona kwamba lolote afanyalo halina manufaa. Shirika hilo halikuuita ugonjwa. Liliuita jambo litokalo kazini, kutokana na msongo usiotunzwa vema. Maneno hayo yafaa kukumbukwa na wale wanaosema kwamba mtumishi aliyechoka ni mvivu au ana imani haba. Mwalimu aliyewapenda wanafunzi wake miaka kumi, kisha akaanza kuwajibu kwa ukali mpaka mwenyewe anajishangaa, hakubadilika kwa siku moja kuwa mtu mbaya.

Liko jambo moja hapa ambalo watu wengi hulielewa kinyume. Wadhani kwamba mkubwa mwenye mambo mengi kichwani ndiye anayeumia zaidi. Kule London, tangu mwaka 1967, madaktari waliwafuata watumishi wa serikali, wanaume zaidi ya 17,000, ili kujua nani hufa kwa ugonjwa wa moyo. Wakaona kwamba wale wa ngazi ya chini kabisa, matarishi na mabawabu, walikufa kwa ugonjwa huo zaidi ya mara tatu kuliko wale wakubwa wa juu. Tumbaku na mengineyo yalieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985, ulionyesha kwamba mtu anayetakiwa mengi, lakini hana sauti juu ya kazi yake, moyo wake u hatarini zaidi. Basi tukiona huruma juu ya profesa, na iwe hivyo. Lakini mlinzi anayekesha langoni kwa mkataba wa miezi michache, asiyejua kama mwezi ujao ataitwa tena, yeye pia aulizwe hali.

Je, watumishi hawa huutuaje mzigo wao? Wengine hukaa kimya. Wengine hupita kwenye pombe kabla ya kufika nyumbani, na mke na watoto hupokea kile kilichobaki. Wengine, kwa kuwa mshahara hautoshi, hufundisha vyuo viwili, hata mtu akawa safarini Jumamosi na dominika, akatafuta dawa ya uchovu kwa kujichosha zaidi. Wengine huingia katika mikopo ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, na jina hilo halikukosea. Wako pia, tena si wachache, wanaofanya vema: hutembea jioni pamoja na mwenzao, hulima kibustani, huimba kwaya, hugawana zamu za kusahihisha, hutetea haki zao kwa njia ya vyama vya wafanyakazi kama RAAWU na THTU. Hao twawapongeza.

Wako na wale wanaoambiwa na watu wema, "Sali tu, yatapita." Hapa twapenda kusema wazi, sisi ambao kazi yetu ni kuwahimiza watu wasali. Sala ni lazima, wala hatutaipunguza. Lakini someni tena habari za Elia katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii huyo alikuwa ametoka kushinda juu ya mlima Karmeli. Kisha akakimbia, akaketi chini ya mti jangwani, akamwomba Mungu amtwae. Mungu alimfanyia nini? Hakumkaripia kwa uchache wa imani. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, na kichwani pake palikuwapo mkate uliookwa juu ya mawe ya moto pamoja na chombo cha maji. Akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala tena. Sauti ile tulivu ya mlimani Horebu ilikuja baadaye, baada ya usingizi na chakula na mwendo wa siku arobaini. Basi anayemwona mwenzake amefika chini ya mti ule asianze na mahubiri. Aanze na mkate.

Lakini tunalotaka hasa kulikazia macho ni habari nyingine, iliyo katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Musa alikuwa ameketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni. Watu walimzunguka, kila mmoja na shauri lake. Alikuwa na Aroni, alikuwa na wazee wa Israeli, alikuwa na watu maelfu mbele ya macho yake, wala hatusomi kwamba hata mmoja wao alimwambia, "Bwana, utaanguka." Kwa nini? Kwa sababu wote walikuwa na haja naye. Mwenye haja nawe hauoni uchovu wako. Aona tu foleni, na yeye yu wa ngapi katika foleni hiyo.

Aliyeona ni Yetro, mkwe wake, mzee wa kutoka Midiani. Naye hakuwa hata mtu wa taifa lile. Alikuja kumtembelea, akimletea mkewe Sipora na watoto wao wawili. Tazameni taratibu yake, maana ni kama desturi yetu wenyewe. Kwanza walisalimiana na kuulizana hali, wakaingia hemani. Akasikiliza habari zote za safari, akafurahi pamoja naye, wakamtolea Mungu sadaka, wakala chakula. Siku hiyo hakumwambia neno la shauri. Siku ya pili alikaa akaitazama kazi ya mkwewe mchana kutwa. Ndipo alipomwuliza kwa nini anaketi peke yake. Akamwonya kwamba atajichosha kabisa, yeye na watu walio pamoja naye, kwa kuwa shughuli ile ni nzito kumpita mtu mmoja. Kisha akampa njia: achague watu wanaoaminika, awaweke juu ya elfu, na mia, na hamsini, na kumi, madogo wayaamue wao, makubwa yaletwe kwake. Na Musa, aliyesema na Mungu juu ya mlima, alilisikia neno la mzee wa nyumbani, akalifanya.

Habari hii yawahusu wakuu wa idara na wakuu wa vyuo, ambao wengine wao ni Wakristo wanaosoma ukurasa huu. Kazi ikimzidi mtu, dawa ya kwanza si semina ya kumfundisha uvumilivu. Dawa ni kumpa msaidizi, au kumpunguzia. Sisi watu wa Ruvuma tunayo shule ya jambo hili karibu nasi. Wamonaki Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na Kanuni ya baba yao Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, yaagiza kwamba jumuiya ikiwa kubwa, mtunza ghala apewe wasaidizi ili aifanye kazi yake kwa moyo mtulivu. Na wapishi vilevile wapewe wasaidizi, wasije wakatumika kwa huzuni. Yaruhusu hata ndugu aliyeagizwa jambo lisilowezekana aende kwa mkubwa wake, wakati ufaao na bila kiburi, amweleze kwa nini hawezi. Na kengele ikilia, jembe au kalamu huwekwa chini, hata kama mstari haujaisha. Hao si watu waliochukia kazi: tazameni hospitali yao, karakana zao na mitambo yao ya kupiga chapa.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hekima hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma, pumziko la saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya siku 28 kila mwaka. Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitangaza kwamba mtu afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa juma yu katika hatari ya kupata kiharusi kwa asilimia 35 zaidi ya yule wa saa 35 hadi 40. Mwajiri anayezikata likizo za watu wake, na mtumishi anayejivuna kwamba hajachukua likizo miaka mitatu, wote wawili wazisome hesabu hizo. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alikwisha kufundisha kwamba pumziko la mfanyakazi lapasa kulingana na nguvu alizozitumia. Aliyatetea mapumziko ya dominika kuwa ni haki ya roho, si zawadi ya tajiri.

Nawe mtumishi mwenyewe, usingoje mpaka uanguke. Mtafute mtu mmoja umwambie kweli: mwenzako wa idara, mkeo, mumeo, padre mlezi wa chuo. Kama hulali majuma mengi, kama huonji ladha ya chakula, kama wazo la kufa lakutembelea, nenda kwa daktari upesi. Usiogope kwamba watu watasema umepelekwa Mirembe. Jina la hospitali ile ya Dodoma limefanywa mzaha mitaani, na mzaha huo umewazuia wengi wasitibiwe. Lakini daktari wa roho zilizochoka ni daktari kama yule wa malaria. Na kitubio, ambacho twakuhimiza ukipende, huondoa dhambi. Hakikuwekwa kushika mahali pa dawa.

Sasa twarudi kwenu, wazazi na ndugu wa vijijini, na tunapoandika hivi twaona mbele yetu mahali kama Nalasi, huko kusini mwa Tunduru, upande wa mto Ruvuma, ambako mashamba ya mikorosho ndiyo benki ya watu. Ninyi mwajua kazi ina majira. Mwezi wa Juni na Julai mwapuliza salfa, mikorosho isipatwe na ubwiri unga. Oktoba na Novemba mwaokota. Kisha minada, kisha mvua. Mkulima aweza kuchoka hata kuugua, lakini shamba lenyewe lamwambia sasa tua. Kijana wenu aliye chuoni hana shamba la kumwambia hivyo. Muhula waisha, mwingine waanza, na kati yake ziko karatasi za mitihani.

Tena yeye ana foleni mbili kama Musa. Ya kwanza i mlangoni pa ofisi yake. Ya pili i ndani ya simu yake, nayo ni sisi wenyewe: ada ya mdogo, bati la nyumba ya shangazi, matibabu ya babu, mchango wa harusi, rambirambi ya msiba. Hatusemi kwamba hayo ni mabaya. Mtoto aliyesomeshwa na ukoo auinue ukoo. Hiyo ni desturi njema yetu sote, Wakristo na majirani zetu Waislamu wa Tunduru, nasi hatutaki aje mtu kutufundisha ubinafsi. Lakini tuhesabu kwa uaminifu: katika simu kumi tulizompigia mwaka huu, ni ngapi zilizokuwa za kumwuliza hali tu? Sauti ya mama ikisikika, moyo wa mtoto wafaa kutulia. Na wako watumishi ambao wakiona jina la nyumbani kwenye simu moyo huwadunda kama wa mdaiwa.

Yetro alikuja bila haja. Ndiyo maana macho yake yaliona. Basi twawaombeni jambo moja dogo, ninyi wa Nalasi na wa kila kijiji. Mara moja kwa mwezi, dominika baada ya Misa Takatifu, mpigieni simu mtoto wenu aliye chuoni, au ndugu yenu. Mwulizeni amelala saa ngapi, amekula nini, wanafunzi wake wakoje, mkuu wake wa kazi ni mtu wa namna gani. Akinyamaza, msikate simu, ngojeni. Mpeni habari za nyumbani: mbuzi amezaa, kisima kina maji, babu amemtaja jina lake. Na mwaka ambao korosho zimeuzwa vema na fedha za ushirika zimefika mkononi, mwambieni kwamba mwezi huo asitume kitu, mnacho. Akija likizo, msimwandalie kikao cha ukoo siku ya kwanza, mwacheni alale. Na siku ile ya simu asiombwe chochote. Ikiwa ada ya mdogo wake imekaribia kweli, isemwe Jumatatu.